Jua Letu, Omena Yetu na Vidonge vya Kununua

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii imenijia mara nyingi siku hizi ninapowasikia vijana wetu wa kandanda, raga na mbio, hapa Kisumu na katika vitongoji vyake, wakizungumza habari ya vidonge vya vitamini D. Zamani mazungumzo ya wachezaji baada ya mazoezi yalikuwa juu ya mabao, viatu na nauli ya kurudi nyumbani. Sasa yameongezeka ya vidonge: kipi kina nguvu zaidi, kipi kimetoka ng'ambo, na nani awezaye kukipata kwa bei nafuu. Kijana asiye na kazi ya kudumu, ambaye mama yake anauza mboga katika soko la Kibuye, hutoa fedha ambazo zingeilisha nyumba siku kadhaa, akanunua kichupa kimoja. Ameambiwa kwamba wachezaji wa Ulaya huvimeza, naye anataka kuwa kama wao.

Mimi si daktari, wala sina ugomvi na wenye maduka ya dawa. Vitamini D si uongo, na mwanamichezo asiyekuwa nayo ya kutosha kweli atadhurika. Lakini kuna swali ambalo naona tumelikwepa: hiyo vitamini inatoka wapi, na ni nani hasa aliyeikosa? Maoni yangu, ndugu msomaji, ni kwamba wengi wa vijana wetu wananunua dukani kitu ambacho wamepewa bure na Mungu, na papo hapo wanakidharau chakula ambacho mifupa yao inakililia.

Ugonjwa wa nchi za moshi

Kwanza tuijue asili ya jambo lenyewe. Vitamini D haikugunduliwa na watu wa nchi za jua. Iligunduliwa na watu waliolikosa jua. Katika miji ya viwanda ya Uingereza na nchi nyingine za Ulaya ya kaskazini, moshi wa makaa ulitanda angani, nyumba zilisongamana, na watoto walikua na miguu iliyopinda. Ndio ugonjwa wa matege. Watu wa huko walijua tangu zamani kwamba mafuta ya ini la samaki aitwaye chewa yalisaidia, ila hawakujua sababu. Mwaka 1919 Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwa kuwalisha mbwa kwamba matege yalitokana na upungufu katika chakula. Mwaka huo huo Kurt Huldschinsky, daktari wa Berlin, aliwaponya watoto wenye matege kwa kuwaanika mbele ya taa yenye mionzi kama ile ya jua. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum na wenzake wakatambua kwamba kitu hicho kilichomo katika mafuta ya samaki si vitamini A, bali ni kingine, nacho kikapewa herufi iliyofuata katika orodha: D.

Basi tazama, msomaji: tangu mwanzo dawa zilikuwa mbili, samaki na jua. Yaani vitu viwili ambavyo mkaazi wa ufuo wa Ziwa Victoria hahitaji kuvuka bahari kuvitafuta.

Kazi ya vitamini hii si ya muujiza. Mionzi fulani ya jua inapoipiga ngozi, hugeuza mafuta yaliyomo ndani ya ngozi yakawa mwanzo wa vitamini D. Ini huibadilisha mara moja, figo huibadilisha mara ya pili, ndipo inapokuwa tayari kwa kazi. Kazi yake kubwa ni kuufungulia mlango utumbo ili upokee kalsiamu, yale madini yanayojenga mifupa na kuiwezesha misuli kujikunja na kujikunjua. Mtu asipokuwa nayo, hata akila kalsiamu nyingi, sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Lakini lazima tuuone na upande wa pili: akiwa na vitamini D tele na asile kalsiamu, mlango umefunguliwa lakini hapana mgeni anayeingia. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yangu.

Kisumu na jua lake

Mstari wa Ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu kwa barabara ya kwenda Busia. Mji wetu upo katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jua la hapa halina msimu wa kulala. Januari lipo, Julai lipo. Mwenzetu wa Uingereza, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi mwanzo wa Machi, hata akisimama nje uchi kutwa nzima, ngozi yake haitengenezi vitamini D ya maana, kwani jua la huko huwa chini mno. Ndiyo maana serikali ya nchi hiyo tangu mwaka 2016 inawashauri watu wake kumeza yuniti 400 kwa siku katika miezi ya baridi. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu wa London. Je, ni wa mtu wa Nyalenda?

Mwaka 2012 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi nje kama babu zao walivyoishi. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 katika kila lita, hali madaktari wengi huhesabu nanomoli 50 kuwa zinatosha kwa mifupa. Na hawa walikuwa watu weusi kama sisi, ambao ngozi yao hulizuia jua zaidi kuliko ngozi nyeupe. Hawakumeza kidonge. Walikwenda machungani, wakawinda, wakachimba mizizi, jua likiwapiga migongoni.

Lakini tusijidanganye kwamba kila aliyezaliwa Afrika amekwisha salimika. Mwaka 2020 watafiti, akiwamo mwenzetu Reagan Mogire wa Kenya, walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa katika bara hili, wakaona kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila watatu alikuwa chini ya zile nanomoli 50. Wale wauzao vidonge huipenda sana habari hii. Hawaimalizii. Waliopungukiwa zaidi walikuwa watu wa nchi za kaskazini mwa Afrika na wa Afrika Kusini, watu wa mijini kuliko wa mashamba, na wanawake kuliko wanaume. Na watafiti hao hao walipowachunguza watoto wadogo wa nchi tano, Kenya na Uganda zikiwamo, walikuta waliopungukiwa hawafiki hata mmoja katika kumi. Kwa maneno mengine, upungufu haumfuati mtu kwa sababu ni Mwafrika. Humfuata aliyejifungia ndani.

Mchezaji asiyelijua jua

Hapo ndipo ninapowageukia wanamichezo wetu. Huenda ukauliza: mchezaji na kujifungia ndani, wapi na wapi? Fikiri kidogo. Timu nyingi za hapa hufanya mazoezi alfajiri, kabla jua halijapanda, au jioni linapoelekea kuzama nyuma ya ziwa, kwa sababu joto la mchana la Kisumu halina huruma. Katikati ya hapo, mwanafunzi yumo darasani, karani yumo ofisini, fundi yumo kibandani, na asiye na kazi amelala chumbani akitazama simu. Wengine hata wakiwa nje wamevaa suruali na jaketi la mazoezi hadi shingoni. Mtu wa namna hii aweza kukimbia kilomita kumi kila siku na asipate jua la haja.

Ipo njia rahisi ya kujua, isiyohitaji maabara wala fedha. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini, na mionzi inayotengeneza vitamini D ni haba. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kazi inafanyika. Kwetu hapa ni kama kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mtu mweusi huhitaji muda mrefu kuliko mweupe. Nusu saa au zaidi, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa juma, ni jambo jema. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha au cha matatu hakusaidii, kwani kioo huizuia mionzi hiyo. Wala sisemi timu zikimbizwe saa sita mchana hadi watu wazirai. Mazoezi mepesi ya saa nne mara mbili kwa juma, chupa ya maji ikiwa kando, yanatosha kabisa. Na jua lina uzuri ambao kidonge hakina: likishatengeneza vitamini ya kutosha, ngozi yenyewe hukomesha kazi. Hakuna aliyewahi kulewa vitamini D kwa jua.

Wapo wasiohusika na shauri hili. Ndugu zetu wenye ualbino hawafai kuambiwa wakaanike ngozi, kwani jua huwaletea saratani. Hao wanastahili kofia, nguo ndefu, chakula bora, na kidonge ikiwa daktari ameona hivyo.

Mifupa hujengwa kwa kitu, si kwa jina

Nilisema nitarudi kwenye kalsiamu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi kutoka Nigeria uliowashangaza wengi. Watoto wa huko walikuwa na matege ingawa jua lilikuwa tele. Madaktari waliwagawanya: wengine wakapewa vitamini D peke yake, wengine kalsiamu peke yake, wengine zote mbili. Waliopewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kumbe shida ya watoto wale haikuwa jua. Ilikuwa chungu. Walikuwa wakila nafaka tupu, bila maziwa wala samaki, na nafaka zina asili ya kuishika kalsiamu kidogo iliyopo isiingie mwilini.

Sasa angalia sahani ya mchezaji wetu wa shule ya bweni. Asubuhi uji au chai ya rangi, mchana mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma wiki. Sukuma wiki ina kalsiamu yake, na nzuri pia, lakini ni ile inayotosha kupaka rangi ukingo wa sahani! Mtoto huyu ana miaka 16, mifupa yake ndiyo inakua kwa kasi kuliko atakavyopata kukua tena, na kila jioni anapiga mpira katika ardhi ngumu kama saruji. Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mifupa nayo hujengwa ingali mibichi. Ukifika miaka thelathini, umekwisha kujenga, kilichobaki ni kutunza.

Na huu wote unatokea huku ziwa liko mbele ya macho yetu. Nani asiyeijua omena? Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi kina mama huianika juani kwenye fukwe, kuanzia Dunga hadi Usenge na Mbita, ikawa kama fedha iliyomwagwa juu ya nyavu. Samaki ni mojawapo ya vyakula vichache sana vyenye vitamini D kwa asili. Lakini omena ina fadhila nyingine kubwa zaidi: huliwa nzima, kichwa, mifupa na yote. Anayekula mnofu wa mbuta amekula nyama tu, akaacha mifupa sahanini. Anayekula omena amekula kalsiamu yenyewe. Wazee wetu hawakuisoma habari hii kitabuni. Walipika omena, wakapika osuga na akeyo kwa maziwa, wakaanika ngege wakamwita obambla, na watoto wao wakaenda kuchunga na kuogelea. Chakula na jua vilikuwa maisha ya kawaida, havikuwa na chupa wala maandishi.

Leo tumekifanyia nini chakula hiki? Kwanza tumekiuza. Mbuta, aliyetiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, alipokwisha kuzagaa katika miaka ya 1980, viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na kwetu yakabaki mafuvu na mifupa iitwayo mgongo wazi, ambayo akina mama wa Obunga huikaanga na kuwauzia maskini. Omena nayo, sehemu kubwa yake haifiki mezani pa mtu. Husagwa ikawa chakula cha kuku. Kuku wanajengwa mifupa kwa omena ya Ziwa Victoria, na mlinda mlango wetu anameza kidonge kilichotoka ng'ambo!

Pili, na hili laniuma zaidi, tumekionea haya. Asubuhi moja pale Dunga nilikuwa nimesimama karibu na mama mmoja muuza omena. Akaja msichana amevaa jezi, kumbe ametumwa na mamaye.

"Mama, nipimie gorogoro moja. Lakini nifungie vizuri ndani ya gazeti, isionekane."

"Kwani umeiba, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Wenzangu wa timu watanicheka."

Yule mama alimpimia, akaongeza na konzi moja juu yake. "Waambie hao wanaocheka waje," akasema. "Nao nitawapimia."

Sote tuliokuwa pale tulicheka. Lakini si jambo la kuchekesha. Mtoto aona haya kubeba chakula cha kwao, wala hangeona haya kubeba kichupa cha vidonge. Huo si ugonjwa wa mifupa. Ni ugonjwa wa fikira.

Hoja za wanaopenda vidonge

Haifai kuwajadili watu bila kuwasikiliza. Wapenda vidonge wana hoja tatu, na kila moja ina ukweli ndani yake.

Ya kwanza: klabu za Ulaya huwapima wachezaji wao na kuwapa vitamini D. Ni kweli. Na hata kijana wetu akienda huko, yampasa akubali. Joseph Okumu, beki aliyezaliwa hapa Kisumu mwaka 1997, alijiunga na IF Elfsborg ya Sweden mwaka 2019. Mtu mweusi katika majira ya baridi ya Sweden yumo katika hatari ya kweli ya upungufu. Wasomali wengi wanaoishi Sweden na Finland wamepimwa wakakutwa hivyo, hasa kina mama. Huko kidonge ni kama koti: usipokivaa, baridi itakupata. Lakini nani avaaye koti la manyoya katika soko la Kibuye saa saba mchana?

Hoja ya pili: vidonge huzuia mifupa kupata nyufa. Uchunguzi maarufu ni ule uliochapishwa mwaka 2008, wa wanawake 5,201 walioandikishwa katika jeshi la majini la Marekani. Waliopewa kalsiamu pamoja na vitamini D kwa majuma manane ya mafunzo walipata nyufa za mifupa pungufu kwa asilimia 20. Ni habari njema, wala siikatai. Lakini soma tena: kalsiamu pamoja na vitamini D, na kalsiamu yenyewe ilikuwa nyingi. Yaani kile kile kinachopatikana katika omena na maziwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi, pia wa Marekani, wa watu wazima 25,871 ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Nusu yao walimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa miaka mitano na zaidi, lakini mifupa yao ilivunjika sawasawa na ya wale waliomeza vidonge vitupu. Funzo ni wazi: aliyepungukiwa akijaziwa, hufaidika, aliyekwisha kujaa, ukimmiminia zaidi unamwaga. Mwaka 2024 hata chama kikubwa cha madaktari wa homoni cha Marekani, ambacho zamani kilihimiza watu wawe na kiwango cha juu, kiliacha kukitetea kiwango hicho, na hakishauri tena mtu mzima mwenye afya apimwe ovyo.

Hoja ya tatu: vidonge havidhuru, basi kuna ubaya gani? Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu zote. Yuniti 600 kwa siku ndicho kipimo cha kawaida cha mtu mzima, na wataalamu wameweka mpaka wa yuniti 4,000 kwa siku asiyepaswa kuuvuka bila daktari. Siku hizi huuzwa vidonge vya yuniti 50,000, ambavyo daktari humwandikia mgonjwa ameze kimoja kwa juma. Kijana asiyeelezwa akivimeza kila siku, kalsiamu itamzidi damuni: kichefuchefu, kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, misuli kulegea, na mwishowe figo kuharibika. Mwili unaweza kulikomesha jua. Kidonge hauwezi kukikomesha.

Tena kuna hatari ya pili, nayo ni ya heshima na riziki. Vitamini D yenyewe haimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Lakini vidonge na unga wa kujenga misuli uuzwao ovyo waweza kuwa umechanganywa na kitu kilichokatazwa, bila hata kuandikwa kwenye kopo. Sheria ya michezo duniani humhesabu mchezaji kuwa mwenye jukumu kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua. Kenya imeumia sana kwa jambo hili hadi ikatungwa sheria mwaka 2016 na kuundwa chombo cha kupambana na dawa hizo, ADAK. Wapo wanariadha waliofungiwa miaka mingi. Mchezaji aliyekula omena hana la kuogopa akiitwa kupimwa. Hali kadhalika, wale wanaotundikiwa maji ya "kuongeza nguvu" mshipani kabla ya mechi wajue kwamba kuingiza zaidi ya mililita 100 katika saa 12 bila ruhusa au sababu ya hospitali ni kosa, hata kama ndani yake mna vitamini tupu.

Nani basi anayestahili kidonge?

Sijasema vidonge vitupwe ziwani. Mtoto mchanga anayenyonya na asiyetolewa nje, mama anayejifunika mwili mzima na kushinda ndani, mzee asiyetoka, mwenye ualbino, mgonjwa wa ini au figo, na mchezaji ambaye mfupa wake umepata ufa zaidi ya mara moja: hawa waende hospitalini, wapimwe, na wakiambiwa wameze, wameze kwa kipimo. Maumivu ya mfupa wa muundi yasiyokwisha kwa kupumzika si ya kutibiwa na muuza duka wala na kocha. Ninakataa jambo moja tu, nalo ni kumfanya kila kijana mzima aamini kwamba bila kichupa hawezi kuwa mchezaji.

La kufanya

Mwaka 1987 Gor Mahia, timu inayopendwa kuliko zote katika kanda hii, ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia. Sisemi kwamba omena ndiyo iliyofunga mabao. Yalifungwa na miguu ya watu waliojizoeza. Ila nasema kwamba kabla mtu hajafikiria kidonge, yampasa kwanza awe na chakula, usingizi, uwanja na mwalimu anayejua kazi yake. Hapa tuna uwanja wa Mamboleo, uliofunguliwa mwaka 2021, ambao mji wowote ungejivunia. Uwanja tumejenga. Miili itakayoutumia je?

Naziomba shule za ufuo huu, hasa zile zinazosifika kwa kandanda na mpira wa magongo, ziitie omena katika orodha ya chakula, mara mbili kwa juma kwa kuanzia. Si anasa; ni miongoni mwa vyakula vya samaki vilivyo rahisi kuliko vyote sokoni. Ipikwe vizuri, kwa nyanya na kitunguu, au kwa karanga, isitupwe tu majini kama adhabu, kwani mara nyingi watoto huchukia mpishi kabla hawajachukia chakula. Wakubwa wa kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia watazame ni kiasi gani cha omena kinakwenda kwa mifugo, na kama haiwezekani shule zinunue moja kwa moja kutoka kwa kina mama wa fukweni. Makocha wabadilishe saa za mazoezi japo siku mbili kwa juma, tena wakome kabisa kuwaandikia wachezaji dawa. Na wazazi, mwanao akikuomba fedha za kichupa, muulize kwanza ni nani aliyempima.

Nawe kijana unayesoma haya, usione haya kwa gorogoro lililofungwa katika gazeti. Wazungu waliokosa jua na samaki walihangaika miaka mingi katika maabara hadi wakavitia vitu hivyo viwili ndani ya kidonge kidogo. Tuwapongeze kwa akili zao. Lakini wewe unavyo vyenyewe. Toka nje saa nne, kivuli chako kikiwa kifupi, kisha rudi nyumbani ule omena na mifupa yake.